Kuunganisha leza na matibabu mengine ya mabaka ya melasma usoni: mwongozo wa hatua kwa hatua

Melasma ni mabaka ya rangi ya kahawia, au kahawia inayoelekea kijivu, yanayojitokeza kwa ulinganifu pande zote mbili za uso: mashavuni, kwenye paji la uso, juu ya mdomo, puani na wakati mwingine kwenye taya. Hayaumi, hayaambukizi, na kwa kawaida hayawashi, ndiyo maana watu wengi hukaa nayo miaka mingi kabla ya kumwona daktari, wakiwa wameshazunguka kwanza kwenye maduka ya vipodozi. Wanawake huyapata kwa wingi kuliko wanaume, hasa katika umri wa kuzaa, na wengi wetu tunayaita madoa ya mimba, ingawa wapo wanaoyapata bila kuwahi kubeba mimba.

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni leza ipi inaondoa mabaka haya. Ninaelewa linakotoka, lakini swali la kuanza nalo ni leza inaingia lini, baada ya nini, na pamoja na nini. Mimi mwenyewe nilipata melasma baada ya mimba yangu ya pili. Kliniki moja ya urembo iliniwekea IPL, yaani mapigo ya mwanga mkali yanayofanana na leza, siku ileile niliyoingia, bila kuniuliza ninapaka nini wala ninatumia njia gani ya uzazi wa mpango. Wiki ya kwanza mabaka yalitoka vigaga vyembamba kama maganda ya kitunguu, chini yake ngozi ikaonekana safi, nikafurahi. Kufikia wiki ya nne yalikuwa yamerudi, meusi kuliko mwanzo, na mipaka yake imesogea hadi karibu na masikio. Ilinichukua zaidi ya mwaka mmoja kurudi pale nilipokuwa kabla ya kulipia matibabu yale.

Sababu ya jambo hilo inafahamika. Katika melasma, seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, zimechangamka kupita kiasi, na chini yake kuna mengine yanayozichochea: vishipa vya damu vimeongezeka, ngozi imechakaa kwa jua, na utando unaotenganisha tabaka la juu na la chini umedhoofika, hivyo rangi inapenya na kukaa chini ambako krimu haifiki kwa urahisi. Leza huvunja rangi iliyokwisha kutengenezwa. Haizizuii seli kutengeneza nyingine. Zaidi ya hapo, ngozi nyeusi ina melanini nyingi katika tabaka la juu, nayo hunyonya mwanga na kuugeuza joto. Joto likizidi huleta uvimbe, na uvimbe katika ngozi yetu huacha weusi. Kwa kipimo cha Fitzpatrick, kinachogawa ngozi katika aina 6 kulingana na inavyopokea jua, Waafrika wengi wa Mashariki tuko kwenye aina ya 5 na ya 6, na mashine nyingi zinazotangazwa zilijaribiwa zaidi kwa watu wa ngozi nyepesi kuliko hiyo. Kwa hiyo mpangilio wa hatua zifuatazo ni sehemu ya matibabu yenyewe. Usiruke hatua hata ukiahidiwa punguzo la bei.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni melasma

Si kila weusi usoni ni melasma. Weusi unaobaki baada ya chunusi hufuata mahali chunusi zilipokuwa na hauna ulinganifu. Weusi mnene unaokunja ngozi pembeni mwa paji la uso na shingoni huhusiana mara nyingi na unene na kisukari kinachonyemelea. Zipo pia dawa za kumeza zinazoacha rangi usoni. Lakini ninaloliogopa zaidi, na ambalo leza ya haraka hulidhuru vibaya, ni okronosisi, yaani weusi wa buluu na kijivu unaotokana na kupaka haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, kwa muda mrefu. Mtu aliyepaka mkorogo miaka kadhaa huona mashavu yakizidi kuwa meusi, akadhani dawa imepungua nguvu, akaongeza. Ukikaribia kwa lenzi unaona vipele vidogo vyeusi kama punje za ulezi zilizomwagika juu ya shavu. Huyo akitibiwa kama mgonjwa wa melasma, kwa krimu ileile ya haidrokwinoni, anaongezewa ugonjwa.

Mwone daktari wa ngozi, au pale ambapo hayupo, mtaalamu wa afya ya ngozi aliyesomea kazi hiyo. Tanzania ina chuo cha kanda kinachowafundisha watu hawa, kilichopo Moshi katika hospitali ya KCMC tangu mwaka 1992, na wahitimu wake wamesambaa katika hospitali za mikoa na za nchi jirani, kwa hiyo si lazima ufike jiji kubwa ili upate mtu mwenye ujuzi. Atakagua kwa lenzi maalumu ya ngozi, pengine kwa taa ya Wood, yaani taa ya mwanga wa urujuanimno, ingawa taa hiyo haisaidii sana kwenye ngozi nyeusi kabisa. Kuna wakati hukata kipande kidogo cha ngozi kwenda maabara. Kama unachoka bila sababu, unanenepa au kukonda ghafla, au nywele zinapukutika, mwambie, kwa kuwa tezi ya shingo ina uhusiano na melasma na kipimo chake ni cha damu tu.

Siku hiyohiyo piga picha. Simama karibu na dirisha lilelile, saa ileile ya asubuhi, uso ukiwa umeoshwa na hauna poda, upige ya mbele na za pembeni mbili, kisha urudie kila baada ya wiki 4. Kioo hudanganya: siku ukiwa na furaha unajiona umepona, siku ukiwa na mawazo unajiona umeharibika. Picha ndizo zitakazokwambia kama fedha zako zinafanya kazi.

Hatua ya pili: acha kinachoyalisha mabaka

Weka mezani kila unachopaka, pamoja na sabuni, na upeleke vyote kliniki ndani ya mfuko. Vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku Tanzania na Kenya, lakini bado vinauzwa, mara nyingine katika chupa isiyo na jina lolote. Zebaki hupenya kwenye ngozi na kudhuru figo, na mama anayenyonyesha humgusisha mtoto. Mikorogo mingi huwa pia na dawa kali za jamii ya steroidi, ambazo huipumbaza ngozi iwe nyeupe na laini kwa muda huku zikiipunguza unene. Ukizikatisha ghafla uso unaweza kuwaka moto, ukajaa vipele na kuwa mwekundu kwa majuma kadhaa. Hapo ndipo wengi hurudia mkorogo wakisema ngozi yao imeuzoea. Usiache peke yako. Daktari atakupunguzia polepole, na ngozi iliyotoka kwenye steroidi isipigwe leza hadi imetulia kabisa, jambo linaloweza kuchukua miezi.

Jambo la pili ni homoni. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni ni kichocheo kinachojulikana. Usivitupe jalalani leo jioni ukabaki bila kinga. Nenda kwa muuguzi wa uzazi wa mpango, mweleze, muangalie njia nyingine, mojawapo ikiwa kitanzi cha shaba ambacho hakina homoni. Ukiwa mjamzito, hatua za leza, vidonge na krimu nyingi zilizo humu si zako kwa sasa. Jikinge na mwanga, tumia krimu ya asidi ya azelaiki kama daktari ameridhia, na subiri, kwa kuwa mabaka ya mimba kwa wanawake wengi hufifia katika miezi inayofuata baada ya kujifungua.

Jambo la tatu husahaulika sana, nalo ni joto. Dada mmoja anayepika chapati alinieleza kwa uhakika kabisa: "Dada, jua mimi silioni, nipo jikoni tangu alfajiri mpaka saa tano." Nilimwomba anionyeshe anavyokaa. Aliinama, mkono wa kulia ukigeuza chapati, uso ukiwa kama shibiri mbili juu ya kikaango, na shavu la kulia, lililoelekea mkaa, ndilo lililokuwa na baka pana zaidi. Tulichobadilisha ni urefu wa meza ya jiko, kijiko chenye mpini mrefu, na dirisha la upande wa pili likafunguliwa. Hatukumwambia aache biashara. Wewe nawe fikiria tanuri, chumba cha mvuke, kujifukiza, na kule kusafishwa uso kwa mvuke saluni ambako huuzwa kama tiba ya mabaka.

Hatua ya tatu: kinga ya mwanga, kila siku, kwa wiki 8 kabla ya lolote jingine la kulipia

Hapa ndipo ninapoomba uniamini kuliko mahali pengine popote. Ukiwa na fedha za leza mara moja, au za losheni ya kuzuia jua ya miezi kadhaa, nunua losheni.

Sisi tunaishi karibu na Ikweta, ambako miale ya jua ni mikali mwaka mzima, na walioko miinuko kama Nairobi au Arusha hudanganywa na ubaridi: hewa ni nyembamba na miale inazidi kadiri unavyopanda, hata ukiwa umevaa sweta. Kioo cha daladala au cha ofisi huzuia sehemu ya miale hiyo tu. Aina inayoitwa UVA hupita, na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho hupita pia, na huo wa kuonekana, hasa sehemu yake ya buluu, huchochea rangi kwenye ngozi nyeusi. Losheni nyingi za kuzuia jua haziuzuii. Kinachouzuia ni oksidi ya chuma, ile rangi ya udongo mwekundu inayotiwa kwenye losheni zenye rangi na kwenye fondesheni. Kwa hiyo tafuta losheni yenye kinga (SPF) ya 30 kwenda juu, ikiwezekana 50, inayokinga UVA, na yenye rangi iliyo karibu na ngozi yako. Ukikosa ya rangi yako, paka isiyo na rangi kwanza, ikauke, kisha weka fondesheni yenye oksidi ya chuma juu yake.

Kipimo ni vidole viwili: kamua mstari juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya kidole cha kati, tangu shina hadi ncha, hiyo ndiyo ya uso na shingo. Wengi hupaka robo yake na kulalamika haifanyi kazi. Rudia kila saa 2 ukiwa nje, na angalau saa sita mchana ukiwa ndani karibu na dirisha. Ongeza kofia pana au mtandio ulioshuka mpaka mbele ya paji, na mwavuli usiuonee haya. Kinga ya mwanga peke yake hufifisha melasma kwa baadhi ya watu, na bila hiyo hakuna krimu wala mashine itakayodumu.

Hatua ya nne: krimu za kitabibu

Mwaka 1975 daktari Albert Kligman na mwenzake walichapisha mchanganyiko wa dawa tatu: haidrokwinoni ya asilimia 5, tretinoini (dawa ya jamii ya vitamini A) ya asilimia 0.1 na deksamethasoni (steroidi) ya asilimia 0.1. Toleo linalotumika zaidi sasa ni jepesi: haidrokwinoni asilimia 4, tretinoini asilimia 0.05 na steroidi dhaifu zaidi, nalo bado ni tegemeo kubwa la matibabu. Naona msomaji anashtuka, kwa kuwa nimetoka kuilaani haidrokwinoni. Tofauti ni kipimo, muda na mtu anayekuangalia. Ya kitabibu hupakwa usiku tu, juu ya mabaka, kwa wiki 8 hadi 12, daktari akikuona kila mwezi, kisha hupunguzwa na kusimamishwa. Ile ya dukani hupakwa mwili mzima kwa miaka, na hakuna anayejua ndani mna kiasi gani. Usiitumie hata ya kitabibu ukiwa mjamzito, na kama umewahi kupata okronosisi usiiguse kamwe.

Kwa wale wasioitaka au wasioipata, asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20 mara mbili kwa siku ni chaguo ninalolipenda, kwa kuwa ni salama kwa muda mrefu na husaidia chunusi pia. Huwasha kidogo wiki mbili za mwanzo, kama mtu aliyejipangusa kwa mkono uliokata pilipili, kisha hutulia. Niasinamaidi, vitamini C, asidi ya kojiki na sisteamini ni wasaidizi wazuri. Anza na kimoja, jaribu nyuma ya sikio siku 3, ndipo uende usoni. Uso unaowashwa na kuchubuka ni uso unaotengeneza weusi mpya, na mtu aliyepaka dawa 5 kwa pamoja hajui ipi imemuunguza.

Tretinoini ianze usiku mmoja kati ya mitatu, kiasi cha punje ya njegere kwa uso wote, juu ya ngozi kavu.

Picha za wiki ya 12 zikionyesha umeridhika, simama hapo. Wapo wengi wasiohitaji leza kabisa, na mtaalamu mwaminifu atakwambia hivyo.

Hatua ya tano: dawa ya kumeza, kwa wanaoifaa tu

Asidi ya traneksamiki ni dawa ya kuzuia kutokwa damu, lakini kwa dozi ndogo, kwa kawaida miligramu 250 mara mbili kwa siku kwa miezi 3 hivi, hupunguza mawasiliano yanayozichochea seli za rangi na hupunguza vishipa vya damu kwenye baka. Taarifa ya Singapore iliyochapishwa mwaka 2016, iliyopitia wagonjwa 561, ilionyesha karibu asilimia 90 walipata nafuu. Mmoja aliganda damu kwenye mshipa wa mguu, na alikuwa na kasoro ya kuganda damu ya kifamilia. Mabaka yanaweza kurudi dawa ikikoma.

Kwa hiyo maswali haya yaulizwe kabla ya kidonge cha kwanza, na uyajibu kwa ukweli: je, wewe au mzazi au ndugu mmewahi kuganda damu mguuni au mapafuni? Umewahi kupata kiharusi au ugonjwa wa moyo? Mimba zimekuharibikia mara kwa mara? Una selimundu, ugonjwa wa figo, kifafa? Unavuta sigara? Unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni? Jibu la ndiyo mara nyingi linatosha kuiacha dawa hii. Selimundu naitaja kwa makusudi, kwa kuwa ni ya kwetu na fomu nyingi za kliniki haziitaji. Ukiwa unaitumia, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakatika, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya sita: asidi na sindano ndogo

Kuchubua tabaka la juu kwa asidi ya kitabibu hutoa rangi iliyo juu na kufungulia krimu njia ya kupenya. Kwa ngozi nyeusi zinazofaa ni zile nyepesi: asidi ya glaikoliki kuanzia asilimia 20 hadi 35, ya salisiliki ya 20 hadi 30, au ya mandeliki, ambayo huingia taratibu na kwa hiyo husamehe makosa. Hufanywa kila baada ya wiki 2 hadi 4, mara 4 mpaka 6, na asidi huongezwa nguvu kidogokidogo kadiri ngozi inavyovumilia. Asidi nzito zinazofika chini ni za kukataa. Salisiliki isitumike kwa mwenye mzio wa aspirini.

Matibabu ya sindano ndogondogo, ambapo kifaa chenye ncha fupi za takriban nusu milimita hadi milimita 1 na nusu hutoboa vitundu na asidi ya traneksamiki ikapakwa juu, yana faida moja kubwa kwetu: hayatumii mwanga wala joto. Kwa maoni yangu, mtu mwenye ngozi ya aina ya 6 ayajaribu haya kabla ya leza. Masharti ni vifaa visivyotumiwa na mtu mwingine, na ngozi isiyo na chunusi zenye usaha wala historia ya makovu yanayovimba.

Hatua ya saba: leza

Ukifika hapa ukiwa na angalau wiki 8 za kinga na krimu, mabaka yametulia, hayakui, na bado yanakusumbua, leza ina nafasi.

Uliza mashine ni ipi. Inayofaa zaidi kwa ngozi yetu ni Nd:YAG yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, inayotoa mapigo mafupi ya nanosekunde au pikosekunde, kwa nishati ndogo na duara pana. Mwanga huo hunyonywa kidogo na melanini ya juu na hufika chini zaidi, kwa hiyo hauchomi haraka. IPL niliyopigwa mimi inawafaa zaidi watu wa ngozi nyeupe. Leza za kaboni dioksidi na nyingine zinazokwangua ngozi usikubali kwa melasma. Leza za kutoboa vitundu visivyokwangua zinaweza kusaidia mikononi mwa mzoefu, lakini weusi unaofuata ni hatari ya kweli. Ukijibiwa tu kwamba mashine ni mpya na imetoka ng'ambo, hujajibiwa, ondoka.

Omba jaribio kwanza. Sehemu ndogo, ukubwa wa sarafu, kwenye ukingo wa taya karibu na sikio, ipigwe na kuangaliwa baada ya wiki 4, kwa kuwa weusi wa kuungua huchelewa kujitokeza.

Siku 5 hadi 7 kabla ya kila kikao, simamisha tretinoini na asidi zote. Endelea na kinga ya jua. Usije na ngozi iliyoungua kwa jua la pwani wala iliyosuguliwa saluni. Kama hutokewa na malengelenge ya homa mdomoni, sema, upewe dawa ya kuyazuia. Macho yafunikwe kwa vikinga. Utasikia mlio wa tak-tak na kuhisi kama mpira mwembamba unaokuchapa, na nywele laini za shavuni zinaweza kuwa nyeupe. Mwisho unaotakiwa ni wekundu hafifu, ambao kwenye ngozi nyeusi huonekana zaidi kama uvuguvugu na uvimbe mdogo. Ngozi isigeuke nyeupe kama majivu, isitoke vidoti vya damu, isinuke kuungua. Ukiona au kuhisi mojawapo, inua mkono na useme wasimame. Una haki hiyo.

Kikao kimoja na kingine vitenganishwe kwa wiki 3 au 4. Zamani leza hii ilipigwa kila wiki, mara 10 na zaidi, na baadhi ya wagonjwa walibaki na vidoti vyeupe kama punje za mchele juu ya mabaka, vingine visivyorudi rangi kwa muda mrefu sana. Kidoti cheupe cha kwanza kikionekana, leza ikome. Baada ya vikao 4 linganisha picha. Bila tofauti inayoonekana, kuongeza vikao ni kupoteza fedha.

Sasa namna ya kuziunganisha. Krimu inaendelea katikati ya vikao: irudishwe ngozi ikishapoa kabisa, kwa kawaida siku ya 5 hadi ya 7, ukianza na azelaiki kabla ya tretinoini. Kidonge cha traneksamiki, kwa anayefaa, kianze wiki 4 kabla ya leza na kiendelee hadi kikao cha mwisho, kwa kuwa hupunguza uwezekano wa weusi kuibuka. Asidi na leza zisifanywe siku moja, wala ndani ya wiki 2 baina yake. Kama zote zinatumika, zipishane. Sindano nazo zihesabiwe hivyohivyo. Kliniki inayouza vifurushi vya asidi, sindano na leza vyote kwa siku moja inakupa majeraha matatu juu ya ngozi ambayo ugonjwa wake ni kukasirika.

Hatua ya nane: siku na miezi inayofuata

Saa 24 za kwanza weka kitambaa safi kilicholowa maji ya baridi dakika 10 kwa 10, bila barafu moja kwa moja. Siku 3 usipike kwenye moto wa karibu, usifanye mazoezi ya kutoa jasho, usioge maji ya moto. Osha kwa sabuni isiyo na manukato, paka mafuta mazito ya kulainisha, na losheni ya jua kuanzia asubuhi inayofuata. Malengelenge, vigaga vizito au rangi ya kijivu ni sababu ya kurudi kliniki mara moja, kwa kuwa krimu ya steroidi ya siku chache, ikitolewa mapema na daktari, huzuia weusi ambao baadaye ungechukua miezi kuutoa.

Mabaka yakififia, haidrokwinoni iondoke na azelaiki ibaki, tretinoini usiku 2 au 3 kwa wiki, na kinga ya jua kama kupiga mswaki. Melasma inatawaliwa kama shinikizo la damu. Haifutwi moja kwa moja, na anayekuuzia uponyaji wa kudumu hasemi kweli. Ukipanga mimba nyingine, simamisha tretinoini, haidrokwinoni na vidonge vya traneksamiki kabla ya kuanza kujaribu.

Mabaka yangu hujaribu kurudi kila kiangazi cha Januari na Februari, hapa Dar es Salaam. Huanzia mahali palepale, kivuli chepesi juu ya mfupa wa shavu la kushoto, ule upande wa dirisha la basi. Nikikiona kwenye picha ya mwezi, narudisha krimu ya usiku kwa wiki 8 na kubadilisha kiti kwenye basi. Leza sijaihitaji tena tangu kikao changu cha nne.